Maikrowevu na Oveni za Ukutani: Kuzitumia kwa Usalama Nyumbani



Zamani kidogo jiko la kujengwa ndani ya ukuta lilionekana kwenye picha tu. Siku hizi anayetoka Keroka kwenda Nyansiongo, au anayepita Suneka, Ogembo na Kebirigo, hukuta nyumba mpya za mawe ambazo jikoni mwake mna kabati refu lenye milango miwili ya kioo, mmoja juu ya mwingine. Juu ni maikrowevu, chini ni oveni. Nyingine zina mlango mmoja tu, na chumba hicho kimoja hufanya kazi zote mbili: kupasha chakula kwa mawimbi na kuoka kwa joto la kawaida la oveni.

Nyumba hizo nyingi zimejengwa na watoto wa hapa walio Minnesota, Texas na kwingineko, nao wameyaona majiko hayo huko wanakoishi. Lakini anayebaki na jiko lenyewe ni mama, au shangazi, au msichana anayesaidia kazi za nyumbani, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha lolote zaidi ya kitufe cha kuwashia. Hadhari nyingi zinazofuata zinamhusu yeye. Nyingine zinamhusu mwenye kulipia nyumba, kwa sababu hatari kubwa zaidi huwa imeshawekwa ukutani kabla chakula cha kwanza hakijaingia ndani.

Pa kuanzia ni stima. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na soketi ya kawaida ya ukutani ina kikomo cha ampea 13. Kwa hesabu ya fundi, hiyo ni takriban wati 3,100 kwa plagi moja. Maikrowevu ndogo ya mezani hula wati 1,200 hivi, kwa hiyo soketi inaihimili bila taabu. Lakini jiko la ukutani lenye maikrowevu na oveni, vyote vikiwashwa pamoja, linaweza kufika wati 6,400. Ukigawa kwa volti 240 unapata karibu ampea 27, yaani zaidi ya mara mbili ya kile ambacho soketi imeruhusiwa kubeba.

Mtu akichukua jiko la namna hiyo akaliunganisha kwa waya wa soketi wa milimita 2.5, au vibaya zaidi kwa ekstensheni iliyopitishwa nyuma ya kabati, siku ya kwanza huenda lisionyeshe tatizo lolote. Keki itaiva. Waya ndio utakaopata moto polepole, ndani ya ukuta au nyuma ya mbao, mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Plastiki yake italainika, itakauka, itapasuka. Moto ukizuka miezi kadhaa baadaye, watu watasema ni hitilafu ya umeme, na hakuna atakayekumbuka ekstensheni ile.

Jiko hili linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, mara nyingi wa milimita 6, na breka yake ya ampea 30 au 32. Linahitaji pia swichi kubwa ya kulikata, ile ya jikoni yenye kitufe chekundu ambayo mafundi huiweka kwa ajili ya kuka. Swichi hiyo iwe pembeni, mahali mkono unafika. Wapo wanaoificha nyuma ya jiko lenyewe ili ukuta upendeze. Siku moshi unapotoka, hakuna atakayepitisha mkono juu ya jiko linalowaka ili kuitafuta.

Kuna nyumba nyingi Gusii ambazo zilipata umeme kupitia mpango wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015. Mpango huo ulileta mwanga, na ni jambo la kushukuru, lakini nyaya za nyumba nyingi zilizounganishwa wakati huo ziliwekwa kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu. Nyumba ya aina hiyo ikiongezwa vyumba na jikoni ya kisasa, nyaya za ndani hufumuliwa na kuwekwa upya. Kenya Power nao huulizwa mapema kama laini inayoingia na transfoma ya kijiji zinaweza kubeba mzigo huo. Gharama ya kufumua waya huonekana kubwa mpaka ilinganishwe na bei ya kabati lenyewe.

Fundi anayefanya kazi hiyo awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Leseni zake zina madaraja, na kila daraja lina kiwango cha kazi linachoruhusu. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona kadi kabla fundi hajafungua mfuko wa vifaa, na hakuna aibu wala dharau katika kuomba. Fundi mzuri huitoa bila kuulizwa mara mbili. Kazi ikiisha, yeye ndiye anayetia sahihi kwenye cheti kwamba nyaya ziko sawa.

Kisha athi, yaani waya wa ardhini. Jiko la ukutani ni sanduku la chuma, na mtu hulishika mlango akiwa na mikono yenye maji, mara nyingine akiwa peku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Waya mmoja ukigusa chuma hicho na athi haipo, anayeshika mlango ndiye anayegeuka athi. Fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba haitoshi kuonekana tu. Hupimwa kwa mita. Kwenye vilima vyenye mwamba karibu na juu, fimbo moja inaweza isitoe matokeo mazuri, na fundi akalazimika kuongeza nyingine. Zaidi ya hapo, breka ile inayokata umeme ukivuja hata miliampea 30 ni kifaa kidogo ambacho kimeokoa maisha ya watu wengi duniani. Iwekwe.

Sasa suala la jiko lililosafirishwa kutoka ng'ambo. Ichukuliwe nyumba ya mfano. Kijana yuko Minnesota, amepata jiko la ukutani kwa bei nafuu dukani kwa kuwa modeli imepitwa na wakati, na rafiki yake anajaza kontena la kuja Mombasa. Miezi mitatu baadaye anapiga simu nyumbani.

"Mama, lile jiko mmelifunga?"

"Limefungwa, baba. Lakini fundi amesema lina nyaya nne na yeye anazo tatu. Amesema ataunganisha mbili."

Hapo ndipo simu inapaswa kusimamisha kazi yote. Umeme wa Marekani wa nyumbani ni volti 120, na kwa majiko makubwa huletwa nyaya mbili za moto zinazotoa volti 240 baina yao, pamoja na waya wa katikati na athi. Oveni hutumia zile 240, lakini saa, taa na mara nyingi maikrowevu ya juu hutegemea zile 120. Kenya hakuna 120 ukutani. Fundi akibahatisha, sehemu iliyotengenezwa kwa 120 hupokea 240 na huungua papo hapo, ikiwa bahati ni nzuri. Bahati ikiwa mbaya, inaungua usiku.

Hata kama volti zingelingana, kuna jambo jingine. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa Kenya mara 50. Transfoma ya maikrowevu iliyotengenezwa kwa 60 hupata joto kupita kiasi ikilishwa 50. Saudi Arabia nako umeme ni wa 60, kwa hiyo mabinti wanaorudi kutoka Riyadh au Jeddah na maikrowevu kwenye mzigo nao wasome kwanza kibandiko cha nyuma. Kibandiko kinachofaa hapa kinaonyesha volti 220 hadi 240 na Hz 50. Kikionyesha 120 peke yake, au Hz 60 peke yake, pesa za kusafirisha ni bora zitumwe nyumbani na jiko linunuliwe Kisii, Kisumu au Nairobi.

Jambo la mwisho la ujenzi ni nafasi ya hewa. Jiko hili hupoa kwa kuvuta hewa na kuitoa kupitia tundu lililoachwa nyuma au juu ya kabati, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kijitabu chake. Seremala asiyekiona kijitabu hutengeneza kabati linalobana kabisa, kazi nadhifu sana, na mbao zinaanza kubadilika rangi baada ya mwaka. Feni huendelea kuzunguka hata baada ya kupika kuisha, na wengi hudhani jiko limekataa kuzimika, wanakata swichi. Liachwe lipoe lenyewe. Mtungi wa gesi usiwekwe ndani ya kabati hilohilo chini ya oveni, hata kama nafasi hiyo inaonekana kama imeachwa kwa ajili yake. Na maikrowevu ya juu isipite usawa wa bega la mpishi. Anayeteremsha bakuli la mchuzi unaochemka kutoka juu ya kichwa anajimwagia usoni.

Gusii inajulikana kwa radi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani mchana, na kufikia saa tisa au saa kumi alasiri mawingu yameshafunga. Redio na televisheni huchomolewa, kila mtoto anajua hilo. Jiko la ukutani halina plagi ya kuchomoa, na ndiyo maana ile swichi kubwa inatajwa tena: ngurumo ya kwanza ikisikika kwa mbali, izimwe. Kile kifaa kidogo cha kulinda friji hakiwezi kubeba mzigo wa jiko hili. Anayetaka kinga ya kudumu amwombe fundi aweke kikinga radi kwenye kisanduku kikuu cha breka, na hata hapo swichi huzimwa dhoruba inapokuwa juu ya nyumba. Stima ikipotea katikati ya kupika, jiko huzimwa pia, kwa sababu inaporudi huweza kurudi kwa kishindo, au jiko likaanza kupika kitu ambacho hakuna anayekikumbuka.

Kuhusu maikrowevu yenyewe kuna hofu nyingi zinazozungumzwa, na inafaa kutenganisha ya kweli na yasiyo ya kweli. Kifaa hiki kilitokana na rada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, Percy Spencer, alikuwa karibu na mtambo wa rada akagundua peremende mfukoni mwake imeyeyuka. Miaka miwili baadaye maikrowevu za kwanza ziliuzwa, kila moja ikiwa na urefu kupita mtu mfupi na uzito wa zaidi ya kilo 300. Mawimbi yake ni ndugu wa mawimbi ya redio. Huyatikisa maji yaliyo ndani ya chakula mpaka chakula kinapata moto. Hayakigeuzi chakula kuwa sumu, wala hayabaki ndani yake kitufe kikizimwa, kama vile mwanga usivyobaki chumbani taa ikizimwa.

Hatari ya kweli iko mlangoni. Wavu mdogo wa chuma ulio ndani ya kioo ndio unaoyazuia mawimbi yasitoke, na kufuli za mlango huzima mtambo mlango unapofunguliwa. Mlango uliopinda, bawaba iliyolegea, kioo kilichopasuka au raba iliyoungua ni sababu ya kuacha kuitumia siku hiyohiyo. Mlango usifungwe kwa selotepu, wala kufuli zake zisidanganywe kwa kijiti. Mawimbi yanayotoka huunguza, na jicho ndicho kiungo kinachoumia upesi.

Chuma hakiingii wakati wa maikrowevu. Sufuria ya alumini, kijiko kilichosahaulika ndani ya kikombe, karatasi ya foili, sahani ya kauri yenye ukingo wa dhahabu: vyote hutoa cheche. Bakuli za mawe za Tabaka nazo zibaki mezani. Jiwe lenyewe hustahimili joto, lakini bakuli nyingi zimepakwa rangi na nta, na hakuna aliyezipima kwa kazi hiyo.

Wenye jiko la chumba kimoja wana mtego wao, na huu ndio unaowanasa hata waliozoea. Asubuhi mama ameoka mkate kwa oveni, akauacha ule wavu wa chuma ndani. Mchana mtoto anatoka shule, anapasha wali kwa maikrowevu juu ya wavu huohuo. Cheche zinaruka. Au kinyume chake: chombo cha plastiki kilichozoea maikrowevu kinaingizwa wakati oveni imetoka kuzimwa. Kitufe kinaonyesha maikrowevu, lakini kuta bado zina joto la nyuzi 180, na plastiki inayeyuka juu ya mboga. Katika jiko la aina hii mtu hufungua mlango, hutazama kilichobaki ndani, na hupima joto kwa mkono bila kugusa, kabla ya kubonyeza chochote. Bakuli la kioo kinene lililoandikwa kuwa linafaa oveni na maikrowevu hupunguza makosa. Likinunuliwa moja tu, familia italipenda. Lisitolewe likiwa la moto na kuwekwa kwenye sinki lenye maji baridi, maana litapasuka.

Vyakula vya hapa vina tabia zake. Kiazi kitamu kizima hutobolewa kwa uma kwanza. Mvuke ukikosa njia kitalipuka. Yai na ganda lake halipikwi humo kamwe, na hata yai lililochemshwa na kumenywa huweza kupasuka mdomoni likipashwa. Matoke hupata moto pembeni na kubaki baridi katikati, kwa sababu mawimbi hayapenyi zaidi ya sentimita mbili au tatu. Hukorogwa katikati ya kupasha, kisha huachwa dakika mbili joto lisambae. Obokima ya wimbi iliyolala hunyunyiziwa maji kidogo na kufunikwa, la sivyo inakuwa jiwe. Chinsaga na rinagu hupashwa mara moja tu kwa kiasi kinacholiwa. Nyama na wali wa jana vipate moto mpaka vitoe mvuke katikati, na viwe vimelala kwenye friji, si juu ya meza.

Maji ya chai ni hadithi nyingine. Maji yakipashwa kwenye kikombe laini bila kitu ndani yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu hata moja. Mtu anatia majani au sukari, na yote yanaruka kwa mkupuo usoni. Katika nchi inayolima chai kama hii, sufuria na birika zipo. Lakini atakayetumia maikrowevu aache kijiti cha mbao ndani ya kikombe, na asubiri dakika moja kabla ya kukigusa.

Maziwa ya mtoto mchanga yasipashwe humo. Chupa kwa nje huhisi vuguvugu, huku katikati kuna sehemu inayounguza koo. Chupa huwekwa ndani ya bakuli la maji moto, na tone hujaribiwa kwenye kifundo cha mkono.

Kwa wanaohesabu tokeni: oveni ya wati 3,000 ikifanya kazi saa mbili Jumapili inaweza kula uniti nne au tano, wakati kupasha sahani kwa maikrowevu kwa dakika tano ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Ndiyo sababu ya kuipa maikrowevu kazi ya kila siku na kuiachia oveni siku ya wageni.

Moto ukiwaka ndani ya maikrowevu au oveni, mlango haufunguliwi. Hewa ndiyo chakula cha moto. Swichi kubwa huzimwa, watoto hutolewa nje, na moto mwingi wa namna hiyo hujizima wenyewe. Maji hayamwagwi juu ya kitu chenye stima wala juu ya mafuta yanayowaka. Usipozimika, watu hutoka nje na kupiga 999 au 112; hitilafu ya laini ya umeme huripotiwa Kenya Power kwa 97771. Aliyeshikwa na stima haguswi mpaka umeme ukatwe.

Aliyeungua huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga na yai havipakwi. Hufunika joto ndani ya ngozi na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua. Pete na bangili huvuliwa mapema kabla vidole havijavimba. Kidonda kikubwa kuliko kiganja, au cha usoni, au cha mtoto mdogo, hufunikwa kwa kitambaa safi na mgonjwa hupelekwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Na maikrowevu iliyoharibika isifunguliwe nyumbani, wala isipelekwe kwa fundi wa redio wa kando ya barabara kwa sababu tu ni jirani. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi volti zaidi ya elfu mbili, na huendelea kuzihifadhi hata baada ya umeme kukatwa. Fundi aliyezoea redio huingiza bisibisi akijua plagi imechomolewa, na hapo ndipo anapouawa. Anayeitengeneza ni yule aliyefunzwa kuitoa chaji hiyo kwanza, na anayepaswa kuulizwa swali hilo mlangoni ni mwenye maikrowevu.